Mikono Darasani: Shajara ya Kusomea Masaji kwa Elimu ya Masafa

Januari

Kozi imeanza. Naisoma kwa muda wa ziada huku kazi yangu ya mchana ikiendelea: nadharia kwa intaneti, mafunzo ya vitendo chuoni kwa awamu, na kati ya awamu moja na nyingine mazoezi ya nyumbani yanayoandikwa kwenye daftari la saa na kutiwa sahihi na kila mtu niliyemkanda. Shajara hii ni ya kufuatilia ninavyokwenda. Naiandika pia kwa ajili ya mwenzangu anayejiuliza kama ufundi wa mikono unaweza kusomwa kwa mbali.

Kuchagua kozi kumenichukua muda mrefu, na nashukuru sikuharakisha. Zipo kozi tele zinazotoa cheti kwa kutazama video na kujibu maswali ya kuchagua. Nilizipita. Swali langu kwa kila chuo lilikuwa moja: ni nani atakayeiona mikono yangu ikiwa juu ya mwili wa mtu, na mara ngapi? Chuo kilichonijibu kwa maneno ya jumla nilikitoa kwenye orodha. Hiki nilichokichagua kilinitumia ratiba ya awamu za vitendo, sifa za wakufunzi, hata fomu wanayotumia kumpima mwanafunzi, kabla sijajaza karatasi yoyote ya kujiunga.

Jambo la pili ni leseni, na hapo kila nchi ina utaratibu wake. Marekani majimbo mengi hudai angalau saa 500 za mafunzo kabla ya kumpa mtu leseni, na New York hudai 1,000. Jimbo la Ontario, Kanada, limeiweka masaji miongoni mwa fani za afya zinazosimamiwa kisheria. Uingereza haina leseni ya kitaifa ya mkandaji, kwa hiyo kazi ya kupambanua kozi nzuri na mbovu inabaki kwa mwanafunzi mwenyewe. Ushauri wangu kwa anayetaka kuanza: iandikie kwanza mamlaka ya mahali utakapofanyia kazi, uliza ni saa ngapi zinazokubalika kusomwa kwa mbali, na jibu ulipate kwa maandishi. Hilo litangulie ada.

Februari

Mwezi mzima ni anatomia. Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli ya kuendeshea viungo zaidi ya 600, ingawa chuo kinatutaka tujue kwa undani ile ambayo mkono unaifikia. Kwa kila msuli tunadaiwa mambo manne: unapoanzia, unapojishikiza, kazi unayofanya, na neva inayouamuru.

Natumia kadi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda yale yanayofanywa yote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kadi mpya inarudi kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu mwezi. Kwa mtu anayesoma huku anafanya kazi, mpango huu unafaa kwa sababu unakubali vipande vya muda: foleni, safari, dakika za kusubiri mkutano uanze.

Ila kadi inanipa jina tu, mahali hainipi. Nimejiwekea sharti kwamba kadi haihamii kwenye boksi la "nimeupata" mpaka msuli wake niwe nimeugusa kwenye mwili wa mtu aliye hai, na mtu huyo athibitishe kwa kuukaza. Sharti hili limebadilisha kabisa namna ninavyosoma.

Jioni moja dada yangu alikubali kukaa kwenye kiti akinipa mgongo, nami nikiwa na penseli ya wanja. Nilianzia shingoni.

"Dada, inamisha kichwa kidogo."

"Hivi?"

Alipoinama, pingili mbili zilichomoza chini ya shingo yake, na vitabu vinasema ile inayochomoza zaidi ndiyo ya saba. Sasa ya saba ni ipi? Nikaweka kidole juu ya kila moja, nikamwomba ainue kichwa polepole hadi atazame dari. Ya juu ikateleza mbele ikazama chini ya kidole changu. Ya chini ikabaki pale pale. Iliyozama ni ya sita, iliyobaki ni ya saba. Nikaitia alama ya wanja. Kutoka hapo ramani inajichora yenyewe: ncha ya chini ya kombe la bega iko karibu na pingili ya saba ya kifua, na ukiweka viganja juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, vidole gumba vinakutana karibu na pingili ya nne ya kiuno. Shingoni ziko 7, kifuani 12, kiunoni 5. Nilikuwa nimezikariri namba hizo toka shuleni bila kuwahi kuzigusa.

Kisha tukatafuta levata skapula, msuli mwembamba unaoteremka kutoka pingili nne za juu za shingo hadi pembe ya juu ya kombe la bega. Nikamwambia apandishe bega kidogo tu, kama hajali. Uzi ukakaza chini ya kidole.

"Hapo hapo," akasema. "Hapo ndipo panaponiuma nikishinda kwenye kompyuta."

Kadi ile ilihamia boksi la "nimeupata" usiku huo huo.

Machi

Kazini tunafunga hesabu za robo mwaka. Kadi tu, alfajiri kabla sijatoka. Moduli ya mfumo wa limfu nimeisogeza mbele kwa kibali cha mkufunzi. Chuo kinachoelewa kwamba mwanafunzi wa muda wa ziada ana miezi ya aina hii ni chuo cha kushikilia.

Aprili

Sasa mikono. Tunaanza na masaji ya Kiswidi, ambayo ndiyo msingi wa kozi nyingi. Vitabu vingi humpa Per Henrik Ling sifa ya kuibuni, yule Msweden aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Mkufunzi wetu anasisitiza kwamba mpangilio wa mikono hii, yaani namna za kukanda, na majina yake ya Kifaransa vinahusishwa zaidi na Johann Georg Mezger, daktari wa Uholanzi aliyeishi kati ya 1838 na 1909. Napenda somo linapoheshimu historia yake namna hii.

Mikono yenyewe ni mitano. Efluraji ni mpapaso mrefu wa viganja, wa kufungulia na kufungia, na kwenye mikono na miguu mkazo wake huelekea moyoni. Petrisaji ni kuinua nyama ya msuli, kuibana na kuiviringisha. Msuguo hufanyika mahali padogo, vidole vikihama pamoja na ngozi bila kuteleza juu yake. Kisha mapigo ya ukingo wa mkono au viganja vilivyopinda, na mtetemo. Ukiitazama kwenye video, efluraji inaonekana rahisi kuliko yote. Mimi nadhani ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu ndiyo inayomwambia mtu aliyelala kama amefika mikononi mwa mtu anayejali au la.

Kasi ndiyo siri yake. Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi nyembamba za neva zinazoitikia mguso mwepesi wa polepole, hasa ule unaokwenda kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Watu wakipapaswa kwa kasi hiyo husema wanapendezwa. Ikizidi au ikipungua sana, raha inashuka. Nilipima kwa utepe kutoka kiunoni mwa dada hadi begani, ikatoka takriban sentimita 45. Mkono wangu wa kawaida ulikuwa unaimaliza njia hiyo kwa sekunde tatu hivi, yaani sentimita 15 kwa sekunde. Sasa napanda kwa pumzi moja yangu ya kuvuta na moja ya kutoa, bila haraka. Tofauti niliiona kwenye vidole vya miguu vya dada: vililegea, vikaanguka nje.

Nimefurahia pia kusoma nadharia ya lango ya maumivu ya Ronald Melzack na Patrick Wall, ya mwaka 1965: kwamba ishara za mguso zinaweza kupunguza zile za maumivu zinapopita kwenye uti wa mgongo. Imerekebishwa sana tangu hapo, lakini bado ndiyo inayoeleza vizuri kwa nini mtu aliyejigonga goti analisugua kabla hata hajawaza.

Sasa upimaji wa kwanza kwa kamera. Hapa nataka kueleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo elimu ya masafa inaposimama au kuanguka. Chuo kinataka simu iwekwe ubavuni, kwenye kimo cha kiuno cha mwanafunzi, ionyeshe mwili wake wote kuanzia kisigino hadi kichwa. Mimi nilidhani watataka kuiona mikono kwa karibu. Mkufunzi hakuitazama mikono hata kidogo kwa dakika za mwanzo. Aliniuliza maswali: kisigino cha nyuma kiko chini au hewani? Goti la mbele linaelekea wapi? Bega liko juu ya kifundo cha mkono au limekitangulia? Kisha akasema: "Shusha kitanda. Unasukuma kwa mabega kwa sababu uzito wako haupati njia ya kuteremka."

Nikakishusha hadi nikisimama wima mikono ikining'inia, vifundo vya vidole vinagusa godoro. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, mkono umenyooka, nikauegemeza mwili mzima mbele kama anayesukuma gari lililozima. Mkandamizo ukaongezeka nami sijakaza chochote. Mkufunzi akanieleza kwamba wakandaji wengi huacha kazi kwa sababu ya mikono na vidole gumba vyao wenyewe. Kidole gumba kina viungo vidogo visivyopangwa kubeba uzito wa mwili siku nzima. Kigasha na kiwiko vinaubeba vizuri zaidi. Tangu siku hiyo kidole gumba nakitumia kutafuta, kigasha nakitumia kufanyia kazi.

Mei

Moduli ya vizuizi, yaani hali ambazo mtu hapaswi kukandwa, au asikandwe mahali fulani, au akandwe kwa kibali cha daktari tu. Nimeisoma kwa makini kuliko moduli yoyote. Ningekuwa na uwezo ningeiweka mwanzoni kabisa mwa kozi.

Vizuizi vya wazi havina mjadala: homa, maradhi ya kuambukiza, ngozi yenye vidonda au maambukizi, jeraha bichi lililovimba. Vya eneo vinataka ramani ya mwili iwe kichwani: mbele ya shingo kuna ateri za kupeleka damu kwenye ubongo, vena kubwa na neva ya vagasi, kwapani kuna fungu la neva za mkono, kwenye kinena na nyuma ya goti mishipa mikubwa iko karibu na ngozi, pande za mgongo chini ya mbavu za 11 na 12, ambazo hazijashikamana na chochote kwa mbele, ziko figo. Hapo mkono unapita mwepesi au haupiti.

Vigumu ni vile vinavyohitaji hukumu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa mkandamizo ambao mwingine hausikii. Mwenye mifupa iliyopungua uzito wake anataka mkono mwepesi. Mgonjwa wa saratani zamani alikataliwa moja kwa moja. Siku hizi wapo wakandaji waliosomea hasa kumhudumia, kwa kushirikiana na madaktari wake, wakikwepa mahali penye uvimbe na kupunguza nguvu. Na kuna mwenye kisukari ambaye neva za miguu zimedhoofika. Huyu amenifikirisha sana. Sisi tunafundishwa kumuuliza mtu kama mkandamizo unamfaa, lakini yeye mguu wake haumpi habari za kweli. Ukimuuliza atakwambia ongeza. Hapo jicho na maarifa ya mkandaji ndiyo yanayomlinda.

Wiki ileile niliyokuwa nasoma kuhusu damu kuganda kwenye vena za ndani, alikuja jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliyekuwa amejiandikisha kwenye daftari langu la mazoezi. Alikuwa ametoka safari ndefu, amekaa kitini saa nyingi. Alisema kigimbi kinamvuta. Alipovua soksi niliona alama ya ukosi wa soksi imezama kwenye mguu wa kushoto, na wa kulia hauna kitu. Nikaweka mgongo wa mkono wangu kwenye vigimbi vyote viwili. Cha kushoto kilikuwa na joto. Nikachukua utepe nikavipima pahali pamoja chini ya goti. Cha kushoto kilizidi kwa zaidi ya sentimita 3.

"Mama, samahani, leo mguu huu sitaugusa."

"Kwani una nini, mwanangu? Si unichue tu ulegee?"

"Huenda ni msuli tu, mama. Lakini huenda pia ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na nikiuchua inaweza kung'oka ikapanda mapafuni. Hiyo ni hatari kubwa. Nakuomba twende hospitali sasa hivi, nitakusindikiza."

Alinitazama kidogo, akavaa viatu. Alipimwa kwa ultrasaundi. Hakukuwa na damu iliyoganda; nyuzi za msuli wa kigimbi zilikuwa zimechanika. Mtu mwingine angesema nilimhangaisha bure. Mimi siamini hivyo hata kidogo. Mikono haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili, na kipimo kinaweza. Nyuzi zilizochanika nazo zingetaka kupumzishwa kwanza, kwa hiyo kwa vyovyote vile siku ile kigimbi kile hakikuwa cha kuchuliwa. Daktari aliniambia nimefanya vema kuuacha, na mama mwenyewe sasa ndiye anayeniletea watu.

Anayesoma kwa mbali hana mkufunzi chumbani wa kugeukia na kuuliza. Kwa hiyo nimeandika ukurasa mmoja wa maswali ninayomuuliza kila mtu kabla hajalala kitandani: dawa anazotumia, upasuaji, safari, uvimbe, homa, ujauzito, mzio wa mafuta, hasa yale yanayotokana na karanga na lozi. Hakuna anayepanda kitandani kabla ya maswali hayo, hata dada yangu.

Juni

Moduli ya fiziolojia imenisafisha masikio. Nimekua nikisikia kwamba masaji "inakamua asidi ya laktiki" na "kutoa sumu mwilini". Kumbe laktiki ya mazoezi makali huondoka yenyewe kwenye damu ndani ya saa moja hivi, ukikandwa usikandwe. Maumivu ya siku ya pili yanatokana na majeraha madogo kwenye nyuzi za misuli na mwitikio wa mwili kuyatengeneza. Sumu ni kazi ya ini na figo. Ushahidi uliopo unaonyesha nafuu ya muda mfupi kwa baadhi ya maumivu, ya mgongo kwa mfano, na watafiti wenyewe huuita dhaifu.

Baadhi ya wanafunzi wenzangu walivunjika moyo kwenye majadiliano. Mimi nimepata nguvu. Mtu aliyepungukiwa maumivu kwa siku mbili akalala usingizi amepata kitu cha maana, na naweza kumwambia hivyo nikimtazama machoni. Sihitaji kumwongezea hadithi ya sumu.

Tumeanza pia kuandika maelezo ya kila kikao kwa sehemu nne: anachosema mteja, ninachoona na kugusa, tathmini yangu, na mpango. Utaratibu huu umetokana na kazi ya Lawrence Weed, daktari wa Marekani, miaka ya 1960. Nilidhani ni makaratasi tu. Sasa nimegundua ndiyo njia mkufunzi aliye mbali anavyoingia chumbani kwangu. Alisoma moja ya taarifa zangu akaniandikia: "Umeandika 'bega limekaza' kwenye ulichogusa. Bega lina misuli mingi. Upi?" Siku hizi naandika: trapeziasi (msuli mpana wa shingo na bega) ya juu, kulia, nusu ya njia kati ya shingo na ncha ya bega, anaumia kwa 6 kati ya 10 nikikandamiza, anageuza shingo kushoto kwa shida. Mtu yeyote anayeyasoma maneno hayo anaweza kuweka kidole pale pale.

Kuna jambo jingine la kuandika hapa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote niliyojifunza nyumbani. Watu wa karibu nawe hawakuambii ukweli. Wanakupenda, wanaona umejitahidi, basi ukiuliza "iko sawa?" wanajibu "sawa kabisa" hata kama wanauma meno. Nimeacha kabisa swali hilo. Nauliza: "Niongeze, nipunguze, au nihame?" Swali la namna hiyo halina jibu la adabu, lazima achague. Na wakati huo huo nasoma mwili: pumzi iliyozuiwa, makalio yaliyokazwa, kidole gumba cha mguu kinachoinuka, ngumi inayofumbwa ukingoni mwa kitanda. Mwili ukikataa na mdomo ukikubali, naufuata mwili.

Julai

Awamu ya vitendo chuoni. Nimerudi mikono ikiwa imechoka na moyo umejaa.

Ile fomu ya upimaji niliyotumiwa Januari sasa imeeleweka. Mkufunzi hasimami kando na kalamu. Analala yeye mwenyewe kitandani, chali, mto chini ya magoti, kisha kifudifudi, mto chini ya vifundo vya miguu, na anampima mwanafunzi kwa ngozi yake. Ameshakandwa na mikono ya wanafunzi wengi sana, na anasema mambo ambayo hakuna kamera ingeyaona.

"Mkono wako wa kushoto unaogopa," aliniambia nikiwa mgongoni mwake. "Wa kulia unafika, wa kushoto unabisha hodi. Nipe uzito sawa."

Nilihamisha mguu, nikauteremsha uzito. "Hapo. Sasa usiuondoe haraka. Mkono unaoondoka ghafla unamshtua mtu kuliko unaofika ghafla."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye video yoyote, na tangu hapo nalifanyia kazi kila siku.

Tulifundishwa pia kufunika kwa shuka kwa umakini mkubwa. Sehemu inayokandwa ndiyo pekee inayofunuliwa. Mguu unapofunuliwa, shuka inakunjwa na kuchomekwa chini ya paja la pili. Mtu anapogeuka, shuka inainuliwa na uso wa mkandaji unaelekea pembeni. Tulifanya tena na tena hadi shuka ikawa haipigi kelele wala haiburuzi. Ridhaa nayo inaombwa kwa maneno kwa kila eneo, hata kama fomu imeshatiwa sahihi, na mtu anaambiwa waziwazi kwamba anaweza kusimamisha wakati wowote.

Siku ya mwisho tulifunga vitambaa machoni tukafanya mgongo mzima bila kuona. Mkufunzi alitukumbusha Japani, ambako masaji ya jadi ya anma kwa karne nyingi imekuwa kazi ya watu wasioona. Sugiyama Waichi, aliyepofuka utotoni na akaishi karne ya 17, alianzisha shule za kuwafundisha wasioona tiba ya sindano na ukandaji, na mafunzo ya namna hiyo yanaendelea nchini humo hadi leo. Nikiwa gizani nilikuta nafasi kati ya kombe la bega na uti wa mgongo ni pana kuliko ninavyoiona kwa macho, na romboidi, misuli inayounganisha kombe la bega na uti wa mgongo, zinapita kwa mshazari chini ya kidole, wazi kabisa. Sisi wanafunzi wa masafa tumejifunza kwa macho zaidi ya wenzetu wa darasani. Zoezi hili nimelichukua nyumbani: kila kikao, dakika chache, nafumba macho.

Agosti

Mafaili ya wateja watatu yamekamilika na kutumwa. Lililonifundisha zaidi ni la kijana anayeinua mizigo ghalani, mwenye maumivu ya kiuno. Nilitaka kuanzia pale panapouma. Mkufunzi, baada ya kusoma taarifa ya kwanza, aliniomba nipime nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja kwanza. Kwadratasi lamboramu yake ya kulia, msuli wa ndani wa kiuno, ilikuwa imekaza kweli, lakini makalio ya upande huo yalikuwa magumu zaidi, na alikuwa akiinua mizigo akigeukia upande mmoja siku zote. Nilikanda makalio na mapaja kabla ya kiuno, na nikamwomba ajaribu kubadilisha upande anaogeukia. Namba aliyokuwa ananitajia ya maumivu ilishuka kikao baada ya kikao. Sidai kwamba ni mikono yangu peke yake. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe kwa muda, na hilo pia nimeliandika kwenye faili.

Septemba

Majibu yametoka: nadharia nimefaulu, vitendo nimefaulu kwa mgongo, miguu, mikono na mabega. Shingo nitapimwa upya awamu ijayo, kwa sababu mkufunzi anataka kuniona nikikishika kichwa cha mtu chote bila mwenye kichwa kukibeba mwenyewe. Kichwa kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na mtu asiyekuamini hakuachii hata gramu moja. Dada ameshajua ratiba yake ya mwezi huu: chali, macho yamefumbwa, mikono yangu chini ya kisogo, tunasubiri mpaka shingo iache kunisaidia.

Moduli inayofuata ni ya wajawazito. Miezi ya mwisho mtu hulazwa ubavu, mto kichwani, mwingine kati ya magoti, mwingine wa kukumbatia, na vigimbi vinaangaliwa kwa makini zaidi kwa sababu ujauzito wenyewe huongeza uwezekano wa damu kuganda. Rafiki wa dada aliye na ujauzito wa miezi sita ameomba awe wa kwanza kwenye daftari. Nimemwambia ni heshima kwangu, na kwamba nitamaliza kwanza mtihani wa moduli, kisha aje na barua ya mkunga wake. Ukurasa wa maswali nimeuongezea mistari kwa ajili yake: shinikizo la damu, uvimbe wa miguu na uso, maumivu ya kichwa, kutokwa damu. Nimeutuma kwa mkufunzi aukague kabla sijautumia.